Chungwa la nyanda za juu: baridi inayoleta rangi huleta na maradhi

CHUNGWA linapofika sokoni hupimwa kwanza kwa macho. Mnunuzi huangalia rangi ya ganda, hulibonyeza, hupima uzito wake mkononi, ndipo huuliza bei. Kwa desturi hiyo, chungwa la manjano huondoka mezani mapema kuliko la kijani, hata pale la kijani linapokuwa tamu zaidi. Wafanyabiashara wanalijua hilo siku nyingi. Wasilolijua wengi ni kwamba rangi ya ganda si ushahidi wa utamu. Inaeleza zaidi ubaridi wa usiku mahali tunda lilipokulia.

Jambo hilo lina maana ya pekee kwa wakulima wa Masieda na maeneo mengine ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako mahindi, maharage na alizeti ndiyo mazao yanayozoeleka. Mkulima anayefikiria kuongeza zao la miti huvutwa na chungwa kwa sababu tunda hili halikosi mnunuzi. Utafiti wa zao hili unaonyesha kuwa nyanda za juu zina nafasi ya kweli katika biashara hiyo. Lakini unaonyesha pia kuwa ubaridi ule ule unaolipaka ganda rangi ndio unaoulea ugonjwa mbaya kuliko yote ya michungwa. Hesabu ya faida isiyotaja ugonjwa huo ni nusu ya hesabu.

MUHEZA NDIYO INAYOPANGA BEI

Katika biashara ya machungwa nchini, jina linalotajwa kwanza ni Muheza, mkoani Tanga. Huko ndiko yanakotoka machungwa mengi yanayouzwa Dar es Salaam na mikoa ya kaskazini, na ndiko wanakofuata mzigo wanunuzi kutoka Kenya. Msimu mkubwa huwa katikati ya mwaka, kuanzia Mei au Juni hadi Agosti, na msimu mdogo hufuata mwishoni mwa mwaka. Mzigo unapokuwa mwingi bei shambani huporomoka, na mkulima asiye na usafiri wake hulazimika kukubali bei ya mwenye lori.

Chungwa ni mzigo mzito wenye thamani ndogo kwa kilo, hivyo nauli hula sehemu kubwa ya bei. Kutoka Muheza hadi Haydom mzigo hupita Korogwe, Moshi, Arusha na Babati, kisha hupanda kupitia Dareda na Dongobesh. Katika safari hiyo yapo yanayopondeka, yanayooza na yanayonyauka ganda. Anayelipia hasara hiyo ni mlaji wa mwisho.

Hapo ndipo ilipo nafasi ya mkulima wa Mbulu au Hanang. Soko lake si Kariakoo, ambako atapambana na mzigo wa Tanga uliosafiri njia fupi zaidi. Soko lake ni Haydom, Dongobesh, Katesh na Mbulu mjini, mahali ambapo chungwa la karibu halibebi nauli ya mamia ya kilometa.

MTOTO WA BALUNGI NA CHENZA

Chungwa tamu si tunda la porini. Wanasayansi waliosoma chembe zake za urithi walithibitisha kuwa ni chotara lililotokana na balungi na chenza. Ramani ya urithi wa chungwa ilichapishwa mwaka 2013 na watafiti wa China, na utafiti mwingine wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asili ya ukoo mzima wa ndimu, malimau na machungwa ni miteremko ya kusini mashariki ya milima ya Himalaya. Machungwa matamu yote, yakiwemo Valencia, Jaffa, Washington Navel na Msasa wanaojulikana Tanzania, yana asili moja. Tofauti zao zilitokana na mabadiliko madogo yaliyojitokeza katika tawi au mti mmoja, kisha mkulima akayaendeleza.

Kuna jambo lingine linalolitofautisha chungwa na matunda mengi. Ndani ya mbegu moja huwa na viini kadhaa, na vingi kati yake havikutokana na chavua bali na mwili wa mti mama. Mche unaoota kutoka katika viini hivyo hufanana na mama yake kabisa. Ndiyo maana mbegu ya chungwa tamu mara nyingi huzaa tunda linalofanana na lile lililoliwa.

Pamoja na hayo, mbegu haimfai mfanyabiashara. Mti wa mbegu huanza upya tangu utoto: una miiba mirefu, hukua kwenda juu, na huweza kukaa miaka 6 hadi 10 bila kuzaa. Mche wa kubebesha, ambao jicho la mti mzima limeunganishwa kwenye shina la mche wa limau au mwingine wa ukoo huo, huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Tofauti hiyo ya miaka ndiyo mtaji.

RANGI INAVYOPATIKANA

Ganda la chungwa changa ni la kijani kwa sababu ya rangi ile ile iliyomo kwenye majani. Chini yake kuna rangi ya manjano inayosubiri. Ili kijani kitoweke, usiku unahitaji kuwa wa baridi, joto likishuka hadi nyuzi 13 hivi au chini ya hapo. Pwani na kwenye tambarare zake usiku haufikii baridi hiyo, na ndiyo sababu chungwa la Muheza hukomaa, hujaa sukari na kuliwa likiwa bado la kijani. Halina kasoro yoyote.

Nyanda za Mbulu ni hali nyingine. Haydom iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Lakini miinuko ya wilaya hizi hutofautiana sana, na bonde la Yaeda lina joto kuliko Mbulu mjini. Kwa hiyo mkulima asitegemee maneno ya jirani aliye ng'ambo ya kilima. Kipimajoto cha bei nafuu kikiwekwa kivulini shambani na kusomwa kila alfajiri kwa mwaka mmoja kitampa jibu lake mwenyewe.

Rangi hiyo ina mtego. Baridi ya katikati ya mwaka inaweza kuligeuza ganda kuwa la manjano wakati ndani tunda bado ni chachu. Mfanyabiashara anayevuna kwa macho ataondoka na mzigo mzuri wa kutazama, utakaompotezea wateja kwa mnada mmoja. Kinyume chake, Valencia ikiachwa mtini hadi joto lirudi, ganda lake linaweza kurudia ukijani huku utamu ukiongezeka.

Tena chungwa halivundikwi likaiva kama ndizi. Halina akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari baada ya kuchumwa. Mitambo ya kugeuza rangi kwa gesi ya ethilini, inayotumika katika nchi zinazouza nje, hubadilisha ganda tu. Lililochumwa chachu litabaki chachu. Kipimo cha kuaminika ni uwiano wa sukari na asidi katika maji ya tunda, na kwa miaka mingi biashara ya kimataifa imetumia uwiano wa sukari 8 kwa asidi 1 kama kiwango cha chini. Asiye na kifaa achume matunda machache pande mbalimbali za mti, ayakate na kuyaonja kabla ya kuita lori.

HESABU YA JOTO

Mchungwa hausogei mbele joto likiwa chini ya nyuzi 13 hivi. Kila nyuzi inayozidi hapo ni kazi inayofanyika. Mahali penye wastani wa nyuzi 26 kwa siku, mti hupata nyuzi 13 za kazi. Mahali penye wastani wa nyuzi 19 hupata 6 tu, yaani pungufu ya nusu. Kuiva hakufuati hesabu hiyo sawasawa, lakini mwelekeo ni huo: tambarare zenye joto hutoa chungwa lililokomaa miezi 6 hadi 8 baada ya maua, wakati nyanda za baridi huweza kuchukua miezi 10 hadi 14.

Maua nayo yana utaratibu wake. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, baridi ndiyo inayouandaa mti kutoa maua. Katika nchi za joto kazi hiyo hufanywa zaidi na kiangazi: mti hukaa na kiu kwa wiki kadhaa, kisha mvua ya kwanza huamsha maua. Kwa Mbulu na Hanang, ambako kiangazi huanza takriban Juni hadi Oktoba, maua mengi yatarajiwe mvua zinapoanza. Katika kila maua 100, matunda yatakayofika kuvunwa mara nyingi hayazidi 3, na hilo ni la kawaida.

Tunda lililoanza Desemba na kuhitaji karibu mwaka mzima litakuwa tayari baada ya msimu mkubwa wa Tanga kupita. Hiyo ni faida ya pili, baada ya nauli. Gharama yake ni kwamba mti hubeba mzigo muda mrefu na kupita kiangazi chote ukiwa na matunda. Mchungwa huhitaji maji ya kama milimita 900 hadi 1,200 kwa mwaka. Asiye na kisima, bwawa au mfereji wa kuongezea maji kiangazini asianze na eka nzima.

ADUI APENDAYE BARIDI

Ugonjwa unaofuta faida hizo zote hujulikana kwa wataalamu kama ugonjwa wa ukijani wa michungwa. Jina lake la Kichina ni huanglongbing. Husababishwa na bakteria wanaoishi katika mishipa inayopeleka chakula kutoka kwenye majani. Mishipa ikiziba, mizizi hufa njaa, matawi hukauka moja baada ya jingine, na matunda hudondoka. Hakuna dawa ya kuuponya mti ulioambukizwa.

Aina ya Afrika ya ugonjwa huu iligunduliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1920. Mwaka 1965 watafiti wa huko walithibitisha kuwa unasambazwa na psilidi, mdudu mdogo mwenye mabawa afananaye na kidukari, ambaye hufyonza majani machanga. Kuwapo kwake Tanzania kuliripotiwa kisayansi mwaka 1992.

Bakteria wa Afrika na mdudu wake hupenda ubaridi. Dalili hujitokeza wazi katika joto la nyuzi 20 hadi 25 na hufifia joto likizidi 30, na mayai na watoto wa psilidi hufa katika joto kali lenye ukavu. Kwa hiyo joto la tambarare liliwakinga wakulima wa huko kwa miaka mingi bila wao kujua, wakati katika nyanda za juu za Kenya ugonjwa huu ulidhoofisha mashamba mengi. Hiyo ni moja ya sababu zinazoleta wanunuzi wa Kenya Tanga. Mkulima wa Masieda anayeona baridi kama baraka ya rangi hana budi kuiona pia kama makao ya psilidi.

KIJANI CHA AFYA NA KIJANI CHA UGONJWA

Mnunuzi anaweza kuchanganya tunda la kijani lenye afya na lenye ugonjwa, lakini yanatofautika. Chungwa zima la tambarare huwa la kijani sawasawa pande zote, umbo la mviringo na zito. Chungwa la mti mgonjwa huwa dogo na limepinda upande. Mara nyingi huanza rangi upande wa kikonyo huku kitako kikibaki kijani, kinyume cha kawaida. Likikatwa, mstari wa katikati umekunjika, mbegu ni nyeusi na zimesinyaa, na maji yake ni machungu.

Kwenye majani, manjano ya ugonjwa huwa madoa yasiyolingana kati ya nusu mbili za jani. Upungufu wa zinki au chuma hutoa manjano yanayolingana pande zote mbili. Jani lililokaliwa na watoto wa psilidi huwa na vinundu juu na vishimo chini. Mkulima akiona dalili hizo amwite afisa ugani kabla ya kununua mbolea, kwani fedha nyingi hupotea kwa kulisha mti usioponyeka.

Nzi wa matunda ni adui mwingine. Aina ya Asia iliyoingia Afrika Mashariki na kugunduliwa mwaka 2003 huzidi katika maeneo ya joto, lakini nyanda za juu zina nzi wake wanaovumilia baridi. Dawa ya kwanza ni usafi: matunda yaliyodondoka yaokotwe kila wiki na kufukiwa kwa kina cha nusu mita au zaidi. Nzi humwibia mkulima msimu mmoja, lakini ugonjwa wa ukijani humwibia shamba.

HASARA KWA EKA MOJA

Tuseme mkulima amepanda eka moja kwa nafasi ya mita 7 kwa 7. Atakuwa na miti 82 hivi. Kwa mfano wa mti mmoja kutoa machungwa 300 ukishakomaa, eka hiyo itatoa machungwa 24,600 kwa msimu. Robo ya miche ikiwa iliambukizwa tangu kitaluni, miti 20 itashindwa, na machungwa 6,000 yatakosekana kila msimu. Hasara haitaishia hapo. Miti hiyo itakuwa akiba ya bakteria, na psilidi wataupeleka ugonjwa kwa miti 62 iliyobaki.

Ubaya zaidi ni wakati wake. Mkulima wa mahindi akikosea mbegu hupoteza mwaka mmoja. Wa machungwa hugundua kosa mwaka wa nne au wa tano, baada ya kugharimia mashimo, samadi, maji, dawa na palizi, na baada ya kukosa alizeti ambayo ingetoka katika ardhi hiyo.

Mfano wa kutisha ni wa Florida, Marekani. Ugonjwa wa aina ya Asia uligunduliwa huko mwaka 2005. Msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa, kila moja la kilo 40 hivi. Msimu wa 2023/24 lilivuna chini ya milioni 20, licha ya fedha na maabara zake.

Aina hiyo ya Asia haiogopi joto kama ya Afrika. Mwaka 2010 iliripotiwa Ethiopia, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2016 ilithibitisha kuwa psilidi wa Asia amefika Tanzania. Maana yake ni kwamba kinga ya tambarare si ya kutegemewa tena, na mche wenye afya kwa macho kutoka popote nchini unaweza kuwa umebeba mdudu au ugonjwa.

MCHE NDIO MTAJI

Ugonjwa huu husafiri kwa njia mbili: kwa psilidi na kwa jicho la kubebeshea. Njia ya pili ndiyo iliyo mikononi mwa mwanadamu. Mwenye kitalu akichukua macho kutoka mti mmoja mgonjwa, huzalisha mamia ya miche migonjwa, yote mizuri kutazama siku ya kuuzwa.

Kwa hiyo mnunuzi wa miche auulize mti mama uko wapi, na ikiwezekana akauone ukiwa na matunda. Aulize kama kitalu kimefunikwa kwa wavu wa kuzuia wadudu na kama kimekaguliwa. Ukaguzi wa afya ya mimea uko chini ya mamlaka ya TPHPA yenye makao yake Arusha, iliyoundwa mwaka 2020, na utafiti wa mazao ya bustani uko chini ya kituo cha TARI Tengeru, jirani na Arusha. Miche inayopakiwa juu ya gunia za vitunguu na kuuzwa mnadani bila jina la kitalu isiingie shambani hata ikitolewa bure.

Shina la chini nalo lichaguliwe. Limau lenye ganda gumu huvumilia ukame na hukuza mti haraka, ila tunda lake hupungua sukari na shina huoza kwa urahisi kwenye ardhi inayotuama maji. Chenza la Cleopatra hukawia lakini hutoa tunda bora. Popote, kiungo cha kubebesha kiwe sentimeta 20 au zaidi juu ya udongo, na kisifukiwe kwa samadi.

Psilidi huvutwa na majani machanga, hivyo kipindi cha kuchipua ndicho cha ukaguzi wa kila wiki. Miti ya ukoo wa Rutaceae iliyoko porini, wakiwemo jamaa wa mjafari, ni ndugu za mchungwa, na baadhi yake humlisha mdudu huyo. Isiachwe ukingoni mwa shamba. Mti wenye dalili zilizothibitishwa ung'olewe na kuchomwa mwaka huo huo, hata kama bado una matunda machache ya kuuza.

Kwa mwenye mtaji mdogo, busara ni kuanza na miti 10 au 15 kutoka kitalu kinachojulikana, huku mahindi na alizeti vikiendelea kulisha nyumba. Miti hiyo ikifika mwaka wa nne ikiwa na majani ya kijani sawasawa na matunda ya mviringo, eka nzima itakuwa na msingi. Ikionyesha madoa, mkulima atakuwa amepoteza miti 15, na shamba litabaki mikononi mwake.